Siku Macho ya Tanga Yalipokuwa Brazili

Mgeni rasmi alikata utepe, kina mama wa kaswida wakapiga vigelegele, madaktari wakasimama mlangoni na makoti yao meupe, na kwenye viti vyote tulivyovipanga chini ya turubai kwa ajili ya wagonjwa wa macho hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Si kwamba wagonjwa hawapo. Walikuwepo, tena wengi, wamejiandikisha kutoka Pangani, Muheza, Tongoni na hapa mjini, ila asubuhi ile kila mmoja alikuwa kwake ameshika simu akingoja meseji ya kumwita, meseji haikwenda, na wa kuipeleka nilikuwa mimi. Nawasimulia mkasa huu nikiwa bado naona haya (na wengine wenu mlikuwepo, kwa hiyo msinikatize).

Ngoja nirudi nyuma ili muelewe ilivyokuwa.

Mimi natengeneza mifumo ya kompyuta kwa ofisi ndogondogo za Tanga na jirani: shule, maduka ya dawa, wafanyabiashara wa machungwa kule Muheza wanaotaka kujua lori lipi limeshapakia. Kamati iliyoandaa kambi ya macho iliniita baada ya mvua za masika. Mwenyekiti wake ni Mzee Fida, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi wa Tanga ambaye babu yake alizaliwa hapahapa na ambaye Kiswahili chake kinatushinda wengi wetu. Upande wa tiba alikuwepo Sista Anjela, muuguzi mkuu wa zahanati tuliyotumia uwanja wake, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu wa mpangilio ambaye hacheki kabla ya chai ya saa nne.

Shida yao ilikuwa saa. Kambi iliyotangulia walitumia programu iliyoletwa na wageni, ikawaandikia wagonjwa "10:00", yaani saa nne asubuhi, na watu wazima na akili zao wakaja saa kumi jioni, wameoga, wamejifukiza udi, wakakuta madaktari wanakunja vitanda. Wala hawakukosea. Kumi ni kumi.

"Yakhe, safari hii mashine isome saa zetu," Mzee Fida aliniambia. "Nne iwe nne. Mtu haoni, halafu unampa na hesabu ya kutoa sita?"

Nikamwambia hilo dogo. (Nimeona kwamba aibu zangu zote kubwa zimeanzia kwenye neno hilo.)

Nilijaribu kwanza kuifanya hesabu hiyo ndani ya programu, nikatoa sita mahali pa kuongeza na kuongeza mahali pa kutoa, mpaka ikatoka saa ambayo haipo kwetu wala kwa Wazungu. Nikachoka. Na uchovu ule ndio ulionipeleka kwenye uamuzi mmoja mdogo.

Kwa wasiojua, siku hizi kumbukumbu za mfumo kama ule hazikai kwenye kompyuta ya ofisini. Unakodi nafasi kwa kampuni yenye majumba ya kompyuta sehemu nyingi za dunia, na kabla ya jambo lolote wanakuuliza: hifadhidata yako ikae wapi? Inakuja orodha ya miji, Cape Town, Mumbai, Frankfurt, na mingine mingi. Wenye akili zao hutazama mambo mawili, umbali na sheria: iwe karibu na watu watakaoitumia ili majibu yarudi upesi, na iwe mahali ambapo sheria ya nchi yako inaruhusu taarifa za watu kupelekwa. Mimi nikatazama saa.

Kampuni ile ilikuwa imeweka kando ya kila mji saa ya pale. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, na macho yangu yakatua Sao Paulo, Brazili, ambako saa ilisoma 4:00. Nikadhani bahati. Nikaenda kununua maandazi, nikarudi, kwetu imefika saa tano, Brazili 5:00. Nikapiga meza kwa furaha chai ikamwagika. Kumbe kuna mji duniani unaokwenda na saa ya Kiswahili na wenyewe hawana habari! Nikaweka hifadhidata huko, saa yake nikaiacha vivyo hivyo ilivyokuja, na ile hesabu yangu ya sita nikaifuta yote.

Nikampigia Mzee Fida kumpa habari njema.

"Brazili?" akasema. "Mbona mbali hivyo? Weka Mumbai, nina jamaa pale, atakuwa akiitupia jicho."

Sista Anjela alikuwa karibu naye, nikamsikia akiuliza, "Na hapa nchini hakuna pa kuweka?"

"Sista, kwenye mtandao hakuna mbali wala karibu," nikajibu, kwa sauti ile ya mtu anayewaelimisha wenzake.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili lilinihusu kuliko kazi nyingine. Miongoni mwa walioandikishwa alikuwemo Bi Mwantumu wa Tongoni, mama mkwe wangu, mama yake mke wangu Rehema. Ana mtoto wa jicho: jicho la kulia lilikuwa limeshafunga, la kushoto linaanza ukungu. Anasuka mikeka, na mikono yake bado inaijua kazi, lakini rangi zilikuwa zimeanza kumtoroka. Alisuka mkeka wa harusi ukili wa kijani ukaingia katikati ya zambarau, bwana harusi akauchukua kwa heshima tu, na tangu siku hiyo mama akaacha rangi, akawa anasuka nyeupe tupu na kusema ndiyo watu wanayoitaka siku hizi. Hakuna aliyembishia. Daktari bingwa wa kambi alikuwa anakaa Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha anaondoka, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Nilikwenda Tongoni mwenyewe kumhakikishia.

"Mama, usihangaike na foleni. Mfumo nimeutengeneza mimi. Jumatano alfajiri utapata meseji, saa tatu unaingia, adhuhuri umeshamaliza."

"Haya mwanangu," akasema. "Miye nakutegemea wewe."

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, nausifu mpaka leo. Kambi ya nyuma zaidi, kabla ya ile programu ya wageni, watu walilala nje ya zahanati kugombea nafasi, kwa hiyo safari hii tuliwagawa kwa makundi ya siku na kuwaambia asije mtu bila meseji. Meseji ingetoka saa kumi na moja alfajiri ya siku yenyewe, watu wameamka, na wa mbali anawahi gari la kwanza. Niliujaribu mfumo mara nyingi. Niliujaribu asubuhi, mchana, hata baada ya magharibi, kwa majina machache ya jamaa zangu, na kila mara meseji zilitua kwenye simu za watu wa siku ileile na saa ileile ya Kiswahili. Alfajiri sikuujaribu. Alfajiri mimi nalala.

Jumatatu ikafika. Saa kumi na moja ile nilikuwa napiga pasi shati jipya, maana kamati ilikuwa imekubali nionyeshe mfumo kwenye skrini kubwa mbele ya mgeni rasmi (wazo hilo pia lilikuwa langu). Nilifika uwanjani nikaona viti vitupu nikajiambia watu wetu kwa kuchelewa hawajambo. Mgeni rasmi akafika. Viti vitupu. Kina mama wakaongeza kaswida moja, wakaongeza nyingine. Sista Anjela akanijia.

"Watu wako wapi?"

"Wako njiani, Sista."

"Wote? Hata wa Ngamiani, hapo nyuma ya ukuta?"

Katika safu ya mbele alikuwepo mtu mmoja tu, mzee wa makamo, ameketi anajifuta jasho. Mpiga picha alimwona, akamwomba afunike jicho moja kwa kiganja ili picha ipendeze, na yule bwana, mtu mwema, akafunika. Mgeni rasmi akamwinamia na kumshika bega.

"Pole sana mzee wangu. Utaona tena, Mungu akipenda."

"Naona vizuri, mheshimiwa," akajibu. "Mimi fundi wa spika."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa, na fundi alikuwa amekifunga vizuri sana.

Mzee Fida akaona aokoe jahazi kwa kuniita nionyeshe mfumo. Nikafungua kompyuta, skrini kubwa ikawaka, na ukurasa ukaanza kuja. Nasema ukaanza. Lilikuja jina moja. Tukangoja. Likaja la pili. Nilivyoiandika programu yangu, kila jina lilikwenda kuulizwa Brazili na kurudi peke yake, na nilipokuwa najaribu kwa majina machache hilo halikuonekana, lakini sasa yalikuwepo majina ya wilaya tatu, na kila moja lilikuwa linavuka Afrika nzima na bahari ya ng'ambo yake, kisha linarudi kwa njia hiyohiyo, mbele ya mgeni rasmi.

"Mbona linakwenda kama foleni ya kivuko cha Pangani?" mgeni rasmi akauliza. "Hizi taarifa ziko wapi kwani?"

Ningeweza kusema ziko mtandaoni, nikanyamaza. Lakini mtu ukiwa na hofu unasema kweli.

"Ziko Brazili, mheshimiwa."

Akanitazama, akaitazama skrini, akaitazama safu ya viti. "Macho ya watu wa Tanga yako Brazili?"

Hapo Sista Anjela akacheka, na saa nne ilikuwa bado.

Mwishowe ikaja taarifa ya alfajiri, imekolezwa rangi ya kijani kuonyesha mambo ni shwari: wito wa Jumapili umetumwa, wagonjwa sifuri. Nikaisoma mara mbili ndipo nikaelewa, na jasho likanitoka hadi kwenye soksi. Saa ilikuwa yetu, siku haikuwa yetu. Usiku wa manane wa Sao Paulo unaangukia saa kumi na mbili asubuhi kwetu, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu hapa Tanga, kule bado wamo ndani ya Jumapili, na mfumo wangu mtiifu ulikwenda kuwatafuta wagonjwa wa Jumapili, ukakuta hakuna, ukawaita wote hao ambao hawapo, ukamaliza kazi. Kuanzia asubuhi hadi usiku tarehe zetu na zao ni moja, ndiyo maana majaribio yangu yote yalifaulu.

Kama ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida. Kulikuwa na kitufe cha kutuma wito kwa mkono: ukikibofya kinaita kundi linalofuata. Nikabofya. Skrini ikatulia tuli. Nikabofya tena. Kimya. Mgeni rasmi akakohoa, nikabofya tena, na tena, kama mtu anayebisha mlango wa choo. Sikujua kwamba kila bofyo lilikuwa limefika salama Brazili na linashughulikiwa kwa zamu yake. La kwanza liliita watu wa Jumatatu. La pili Jumanne. La tatu Jumatano. Mpaka mgeni rasmi anaaga, nilikuwa nimeshawaita wagonjwa wa wiki nzima, kila mmoja na meseji yake: Leo ni zamu yako, fika mapema.

Wakafika. Walianza wa mjini, kwa miguu na kwa bajaji. Wakafuata wa Tongoni, ambao si mbali. Muheza walikodi lori la machungwa wakaja wamesimama. Pangani walifika adhuhuri imepita, wamechoka, wana vumbi, na wengi wao wazee walioshikwa mkono. Viti vikajaa, turubai likajaa, ukuta wa zahanati ukapata watu wa kuuegemea urefu wake wote.

Bi Mwantumu alikuwa wa mwanzo kabisa kati ya watu wa Tongoni, amekuja na Rehema, kanga mpya, uso mkunjufu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Naona mmenisogeza mbele, ulisema Jumatano."

Nikamsogezea kiti akae. Rehema alinitazama, akaelewa (ananijua), akatazama pembeni.

Daktari bingwa aliuliza swali moja tu, nani aanze, na Sista Anjela akaamua kwamba kwa kuwa makundi yamevurugika, waanze waliofika kwanza. Wachache wa mjini wakaingia, kisha akatokeza mlangoni akaita, "Bi Mwantumu wa Tongoni!" Mama akasimama. Hapo ndipo mwanamke mmoja wa Muheza, aliyekuwa amemshika baba yake mkono na ameshasimuliwa na waliotangulia habari za Brazili na za ukwe wetu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Ahaa! Huyo si mkwewe huyu Mbrazili? Sisi tungoje, mama mkwe apite!"

"Ati kaita watu wote ili amchomeke wa kwake," mwingine akadakia.

"Si kweli!" nikasema. "Ni makosa ya seva!"

"Seva ndiyo nani? Naye mkweo?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mama hakucheka. Macho yake ndiyo mabovu, masikio mazima. Akabaki amesimama, mkono mmoja kwenye bega la Rehema.

"Zamu yangu ya leo ama ya Jumatano?" akaniuliza, taratibu.

"Ya Jumatano, mama. Lakini Sista ameshakubali, ingia tu. Ukiondoka leo sijui..."

"Leo wameitwa kwa halali akina nani?"

"Wa Jumatatu, kama mzee huyo wa Muheza."

"Basi hao ndio waingie." Akamgeukia yule mwanamke wa Muheza, si sawasawa, kidogo pembeni yake, kwa kuwa alifuata sauti. "Bibi, mikeka yangu naiuza mpaka kwenu. Nikipita mbele ya baba yako leo, kesho nitamwuzia nani? Mwingize mzee."

Yule mwanamke akainamisha kichwa, baba yake akaingia. Nilimfuata mama mpaka kwenye bajaji nikimbembeleza kama mtoto, nikimwambia sheria ya foleni Sista ameshaibadilisha, nikimwambia daktari ana siku chache. Akaniambia, "Mwanangu, umeshasema mengi leo," bajaji ikaondoka.

Mchana ule niliwaandikia watu wa ile kampuni nikiomba msaada, nikaeleza kirefu, habari ya saa ya Kiswahili na kwa nini nilichagua Brazili. Aliyenijibu alikuwa muungwana. Alisema saa ya hifadhidata inaweza kupangwa isome vyovyote mahali popote ilipo, ni mstari mmoja wa maelekezo, na kwamba hajawahi kukutana na mtu aliyehamisha data ng'ambo ya bahari kwa ajili ya saa. Akaniuliza kama taarifa za wagonjwa zina ruhusa ya kutoka nchini kwetu. Nikasoma swali lile nikafunga kompyuta, nikaifungua tena, kisha nikaenda kumwambia Sista Anjela, na hiyo ilikuwa sehemu ngumu kuliko kipaza sauti.

Hakunigombeza. Alisema, "Niliuliza kama hapa nchini hakuna pa kuweka," kisha akachukua kalamu na kuanza kuwapanga watu mwenyewe.

Wiki iliyobaki waliitwa kwa sauti yake, na kwa simu yangu, mmoja mmoja, nikipiga tangu alfajiri. Lakini nusu siku ya Jumatatu ilikuwa imepotea, na waliorudishwa makwao siku ile walikuja tena siku zisizo zao, kwa hiyo kila kundi likasukuma linalofuata. Daktari akaamua kuwatanguliza waliofunga macho yote mawili. Mama alikuja Jumatano kama alivyosema, akakaa mpaka jioni na jicho lake moja linaloanza ukungu, akaambiwa Alhamisi. Alhamisi akaambiwa Ijumaa. Ijumaa alikuwa amebakiza watu wawili mbele yake daktari alipovua glovu, akaja mwenyewe chini ya turubai kuomba radhi, gari lake likiwa tayari barabarani.

Tangu hapo mitaani jina langu ni Mbrazili. Nikipita kijiweni naulizwa, "Mbrazili, huko kwenu leo Jumapili?" na nimeshazoea kujibu kwamba bado. Taarifa za wagonjwa nimezirudisha kwenye seva za hapa nchini, Sista Anjela akiwa ameketi kando yangu mpaka mwisho, na za Brazili tumezifuta. Nimejiwekea sharti: nikiulizwa tena hifadhidata ikae wapi, nitauliza kwanza taarifa ni za nani na wanaishi wapi, saa itakuja baadaye. Na nitaujaribu mfumo wakati uleule watu watakapoutumia, hata kama ni alfajiri na nina usingizi.

Juzi nilikwenda Tongoni. Mama alikuwa barazani anasuka, ukili mweupe, na jicho la kushoto sasa analifumba nusu anapotafuta ncha. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea mkeka nikae. Nikamwambia kamati imemwandika wa kwanza kwa kambi ijayo.

"Kambi ijayo lini?" akauliza.

Nikamwambia nitamwuliza Mzee Fida. Nimemwuliza. Mzee Fida amewaandikia madaktari, na mpaka ninapowasimulia haya hawajajibu.